Phefo Anataka Nje

Jumatatu, 2 Septemba

Phefo katoroka tena! Mama aliingia na uji wa mtama, mikono imejaa, mlango akausukuma kwa kiuno. Paka akapenya katikati ya miguu yake kama moshi. Uji chini. Mama juu ya uji. Mwanangu Lefika akaamka, akaangua kilio. Mimi nimefunikwa mablanketi mpaka kidevuni, na joto lote hili la Septemba, tena mzazi haruhusiwi kukimbia.

Akarudi mchana kwa raha zake. Akaruka gogo tulilolaza langoni kuzuia watu, akapenya, akapanda kitandani kwangu. Vumbi mwili mzima na unyoya mdomoni. Unyoya wa kuku wa jirani yetu, Mama Tiro. Na kwa Mama Tiro wiki iliyopita wamezika.

Shangazi Boikhutso akafika hapo hapo, sijui nani humwambia. Shangazi ni dada wa marehemu baba, na katika mambo ya uzazi akishasema amesema. Akanisomea sheria upya, utadhani aliyezaliwa juzi ni mimi. Mzazi wa mtoto wa kwanza hukaa ndani na kichanga chake mpaka siku ya kutolewa. Haingii aliyetoka safari, wala aliyetoka msibani, wala aliyetoka kulala na mtu. Miguu ya hao ni ya moto, humchoma mtoto. Hata Modiri, baba wa mtoto, anasalimia dirishani. Sasa huyu paka wako, akauliza, ametoka kulala na nani?

Nikasema simjui mwenzake. Halikuwa jibu zuri.

Akachemsha dawa ile ile anayomwogeshea Lefika, akaipooza, akamtumbukiza Phefo kwenye beseni. Loo! Yale makelele! Shangazi sasa ana michirizi mpaka kwenye viwiko. Paka ni safi. Hukumu ikatolewa maji yakiwa bado yanamchuruzika: Phefo atabaki ndani na sisi mpaka Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya kumtoa mtoto. Akikanyaga nje mara moja tu, Mjomba Rapula atampakia kwenye pikapu pamoja na chumvi ya ng'ombe, ampeleke kambini kwa ng'ombe, kule kwenye mchanga wanakolia bweha.

Phefo wangu! Aliyelala juu ya tumbo langu mimba nzima, Lefika akimpiga mateke kutoka ndani naye akimrudishia kwa mkono kutoka nje. Haendi popote. Nitamfanya apende ndani. Ni kutumia akili tu.

Jumanne, 3 Septemba

Amelia mlangoni tangu alfajiri. Si kile kilio cha paka. Analia kama mtu mzima aliyefungiwa chooni.

Nimepata wazo. Phefo hataki nje. Anataka udongo! Achimbe, ajisaidie, afukie, ajione ana shamba. Nikamwomba Mama beseni la mchanga wa uani. Mama akashtuka. Mchanga wa uani umekanyagwa na kila mtu, mpaka yule mleta kuni aliyetoka Lobatse. Tukafikiri. Udongo gani haujakanyagwa na mguu wa mtu? Nikaruka kitandani: wa kichuguu! Nani hupanda kichuguu? Mama akanisifu sana. Akasema kumbe ile shule niliyoiacha njiani haikupotea bure.

Akaleta beseni tele. Udongo mwekundu, mzuri, unanukia mvua. Phefo akachimba, akazunguka, akachimba tena, mchanga ukaruka mpaka kwenye shuka. Nikamwimbia Lefika. Nikajiona mwenye akili kuliko kijiji kizima cha Kanye.

Jioni: mchwa. Hatukukumbuka kwamba kichuguu kina wenyewe. Wamekula ukingo wa mkeka, wamekula kona ya boksi la nepi, sasa wanajenga kwenye mguu wa kitanda. Phefo yuko juu ya kabati, hataki kukanyaga chini. Angalau hajalia kutoka. Ni nusu ya ushindi.

Shangazi amefagia, amepiga mafuta ya taa. Akaniuliza kama kesho naleta nyuki, ili paka apate na asali.

Jumatano, 4 Septemba

Mchwa wamekwisha. Kilio kimerudi.

Wazo jipya: dirisha. Pazia halifunguliwi, najua. Lakini upana wa kiganja si kufungua, ni kupumua. Nikaweka mto juu ya kreti, nikalivuta pazia kidogo, nikamkalisha Phefo. Kimya! Vifaranga wa Mama Tiro wanapita uani kwao, mmoja nyuma ya mwingine. Mkia wa Phefo unatetema. Meno yanagongana, tak-tak-tak, kama mwenye homa. Nikadhani ni furaha.

Na mimi nikachungulia juu ya masikio yake. Mungu wangu. Nilisahau kwamba kuna rangi. Upepo unacheza na nguo kwenye kamba. Wasichana wa kwaya wanapita wanacheka, mbele yao rafiki yangu Kesaobaka, na amevaa sketi yangu niliyomwazima! Miguu ikaniwasha. Nikainua mguu mmoja, nikaushusha, nikainua mwingine. Tangu Juni mimi ni kitanda, beseni, kitanda. Namtazama mwanangu usingizini na moyo unajaa mpaka pomoni, halafu unyayo unaanza kuwasha tena. Vyote viwili kwa pamoja. Sijui kama ndivyo inavyokuwa kwa wengine.

Tukakaa pale, mimi na paka, mashavu kwenye kioo.

Kisha akaanza kulia. Nadhani na mimi nililia kidogo. Mama akauliza kutoka jikoni nani huyo. Nikasema mtoto. Mtoto kalala fofofo.

Shangazi amelipigilia pazia misumari.

Alhamisi, 5 Septemba

Phefo kapanda pazia. Pazia likaanguka. Shangazi akalirudisha. Phefo akapanda. Likaanguka. Siku nzima imekwenda hivyo.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimegundua kosa langu. Paka ni mwindaji. Mwindaji akichoka hulala. Kwa hiyo si udongo, si dirisha, ni mbio!

Nikafunga kipande cha nyama kavu kwenye uzi, nikakivuta kitandani. Akakitazama. Akanitazama mimi. Akapiga mwayo. Nikaona haya ya paka si mambo ya kufanya umelala. Nikashuka. Nikafunga uzi kwenye mkanda wa gauni, nikapiga magoti, nikaanza kutambaa kuzunguka kitanda, nyama inaburuzika nyuma. Hapo ndipo! Masikio yakalala, makalio yakatikisika, akaja! Nikaongeza mwendo. Kona ya kabati, chini ya kitanda, tena kwenye kabati. Lefika anatutazama kutoka kwenye mito, macho kama sahani. Nilikuwa nacheka kwa sauti. Miguu yangu ilikuwa na furaha mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Mlango. Shangazi, na bakuli la maziwa ya mgando.

Alimwita Mama aje kushuhudia. Ndipo akafungua kinywa. Akasema amewatoa nje wazazi wa ukoo huu tangu Mama mwenyewe, na wote walitoka wanene, weupe, wametulia kama maboga. Mimi nitatoka nimekonda kama mbwa wa mchunga mbuzi, na watu wa kwao Modiri watasema huku wanawake tunawashindisha na njaa. Akaniuliza ni lini nitaanza kubweka. Mama alijaribu kunitetea, lakini alikuwa amejifunika shali usoni na mabega yanatikisika.

Nimerudishwa kitandani. Blanketi la tatu.

Phefo alilala, hilo wasininyime. Alilala mpaka niliposinzia mimi. Kisha akaamka, akaenda mlangoni.

Jumamosi, 7 Septemba

Modiri amekuja kutoka mgodini. Alisimama dirishani kama kawaida, kofia mkononi. Shangazi hayupo, amekwenda kwa Mjomba Rapula kuchagua mbuzi wa sherehe. Mama yuko bombani. Nikang'oa misumari, nikamnyanyua Lefika kwenye kioo. Modiri akaweka kiganja upande wa pili, penye mguu wa mtoto. Bado hajamgusa mwanawe. Akauliza kama amekuwa mzito. Nikasema mzito kama ndama. Akatazama pembeni.

Ili asilie, nikamweleza shida ya Phefo. Akasema nimpe tu, amzungushe nyumba mara moja, amrudishe. Nikamwambia habari ya miguu ya moto. Tukafikiri. Na hapo ndipo lilipotujia sote wawili kwa wakati mmoja, ndiyo maana nampenda Modiri: ubaya si nje. Ubaya ni miguu! Kama miguu haikugusa ardhi, paka hakutoka!

Shangazi amefuma soksi jozi mbili za Lefika, jozi nyeupe na jozi ya samawati, za siku ya kutolewa. Jozi mbili. Paka ana miguu mingapi? Ukiona mambo yanalingana hivyo ujue ni sahihi.

Tulimvalisha. Nikakata ukanda kwenye mbeleko, tukamfunga kifuani, nikampitisha dirishani. Phefo akasimama nje amevaa soksi. Akainua mguu mmoja, akautikisa. Akainua wa pili, akasahau wa kwanza, akaanguka. Kisha akazoea, akatembea taratibu kama bwana harusi, Modiri nyuma kashika ukanda. Wakaipita kona ya kwanza. Wakaipita ya pili. Nilijua tumeshinda.

Vifaranga.

Ukanda ukabaki mkononi mwa Modiri. Phefo huyo! Ukuta wa Mama Tiro, pipa la Mama Tiro, paa la Mama Tiro. Bati na soksi havipatani. Anapanda, anateleza, anapanda, anateleza, kelele zake zinafika kanisani. Mama Tiro akatoka, jua machoni, akaona vitu viwili vidogo vyeupe vya kufuma vinaning'inia ukingoni mwa paa na kilio kinatoka juu. Akapiga yowe kwamba mtoto wa Oteng yuko juu ya bati! Oteng ni mimi. Watu wakajaa. Mmoja akaleta ngazi, mwingine akaleta godoro. Kesaobaka akapiga magoti kuomba, ndani ya sketi yangu.

Na langoni, kamba ya mbuzi mkononi, Shangazi. Ndio kwanza anasikia kwamba mjukuu wake yuko juu ya paa.

Sitaki kuandika yaliyofuata. Mbuzi alikamatwa baadaye karibu na shule.

Phefo ameshushwa. Soksi ni tatu. Mjomba Rapula anaondoka kesho baada ya kanisa, na gunia limeshaletwa. Modiri amekimbia, ameacha kopo la samaki dirishani.

Jumapili, 8 Septemba

Sikugusa uji. Nilimlaza Phefo na Lefika pamoja kifuani, blanketi moja, nikawanusa vichwa. Wananukia sawa. Dawa, maziwa na moshi kidogo.

Mjomba akapiga honi. Shangazi akaingia na gunia. Nikamwomba. Nikasema paka alivaa soksi. Akasema zimerudi tatu, kwa hiyo mguu mmoja umetembea kwa watu, na anataka nimwonyeshe ni upi tuukate tubaki na mingine. Nikasema nitamfunga kamba kwenye kitanda. Akasema nani atamfunga hiyo kamba, huyu huyu anayemtoa dirishani? Nikalia. Shangazi si mtu mbaya. Niliona naye hapendi. Lakini alimpenyeza Phefo mkono chini ya tumbo, na paka akanishika gauni kwa kucha zote.

Hapo nikasema bila kufikiri. Nikamuuliza Jumatatu alimwogesha kwa dawa gani. Akasema ya mtoto. Nikauliza analala wapi. Akasema kwenye blanketi la mzazi, kwa aibu ya ukoo mzima. Nikauliza anakula nini. Akasema uji wangu, anamwona kila siku. Basi Shangazi, nikasema, huyu yuko uzazini kama sisi. Na nani aliyewahi kumvusha mtu wa uzazini juu ya gogo kabla ya siku yake? Akiondoka na dawa ya Lefika mwilini, ulinzi wa mtoto utakwenda kulala na bweha.

Honi tena.

Mama akasema polepole kutoka mlangoni kwamba ni kweli. Alipokuwa ndani na mimi, kulikuwa na kuku anaatamia chini ya kitanda, na mamake Shangazi mwenyewe alikataza asiguswe mpaka siku ya kutoka.

Shangazi alikaa juu ya gunia. Kisha akatoka, nikamsikia akimwambia Mjomba aende na chumvi yake. Aliporudi alikuwa na uso wa kazi. Akasema vema. Mimi ndiye niliyesema. Kama ni mzazi, atakuwa mzazi. Atafunikwa. Atakula uji kwa wakati. Ataogeshwa kila jioni. Na atanyolewa siku moja na sisi.

Hilo la mwisho sikulisikia vizuri. Nilikuwa nambusu paka.

Jumatano, 11 Septemba

Phefo anatunzwa kuliko mimi. Uji asubuhi, uji jioni, katikati supu ya mifupa. Shangazi anamfunika mwenyewe, akifurukuta anamwambia atulie, mzazi hana haraka. Jana alifurukuta. Leo kidogo tu. Tumbo limeanza kujaa. Mlangoni amekwenda mara moja, akalia nusu, akakumbuka supu.

Wivu? Hapana. Lakini mimi bado naenda mlangoni, na hakuna anayeniletea supu.

Lefika ametabasamu! Tabasamu la kweli, si la gesi! Alikuwa anamtazama paka, lakini mimi nilikuwa nyuma ya paka, kwa hiyo ni langu.

Ijumaa, 13 Septemba

Tumenyolewa. Lefika wa kwanza, nywele zake laini kama ukungu, Mama akaziokota zote. Kisha mimi. Kisha Shangazi akaupangusa wembe, akatazama juu ya kabati alikolala Phefo.

Nilidhani ni mzaha. Shangazi hana mzaha. Mama alishika miguu ya mbele, mimi ya nyuma, Lefika alisimamia. Amenyolewa kiraka, katikati ya masikio, duara kabisa. Anafanana na kuhani mzee. Hakukwaruza hata mtu. Aliposhushwa alijigusa kichwa kwa mkono, mara moja, akaingia chini ya blanketi. Ametoa pua tu.

Kesho! Siwezi kulala. Nimeshajaribu viatu. Haviingii.

Jumamosi, 14 Septemba

Gogo limeondolewa! Watu wa kwao Modiri wamekuja, wanawake na shali zao mabegani, vigelegele tangu barabarani. Shangazi akanishika mkono, akanivusha kizingiti. Jua! Nilipepesuka kama mbuzi mchanga. Mashangazi wa Modiri walinizunguka, wakanibonyeza mikono, wakanibonyeza shingo, wakasema huyu kweli amelishwa. Shangazi Boikhutso akatazama juu, akapokea sifa kama mvua.

Modiri akapewa mwanawe. Alimshika kama bakuli lililojaa mpaka juu, anaogopa kupumua. Mtoto hakulia. Aliyelia ni baba, mbele ya wajomba, na hakuna aliyemcheka.

Kisha mtu akakumbuka. Na mzazi wa pili? Habari ya soksi imefika mpaka kwao. Wote wakageuka. Mlango uko wazi kabisa, umezuiwa na jiwe. Nikamwita Phefo. Siku yake!

Akatokea kizingitini na kiraka chake. Akanusa hewa. Kifaranga wa Mama Tiro akapita mbele yake, karibu kabisa, mjinga, anadonoa. Watu wakashika pumzi. Mama Tiro alishika kifua.

Phefo alimtazama kifaranga. Akapiga mwayo. Akageuka, akarudi kitandani, akajiingiza chini ya blanketi mwenyewe.

Kicheko kile nadhani kilisikika mjini. Shangazi akasema katika miaka yake yote hajaona mzazi mwenye adabu kama huyo, na wasichana wa siku hizi waje wajifunze kwake. Akamkatia nyama, akampelekea ndani kwenye sahani ya wageni.

Nimecheza mpaka miguu imevimba. Nimefika langoni na kurudi, langoni na kurudi, bila sababu.

Jumapili, 15 Septemba

Mlango wazi tangu asubuhi. Phefo ndani.

Nimemwita kwa upole. Nimemwita na samaki. Nimemsimamisha kizingitini kwa mikono yangu, akarudi akijikokota kama mgonjwa. Nimewabeba vifaranga wawili mpaka chumbani nikawaweka mbele yake. Mmoja amelala kwenye tumbo lake. Mama Tiro amewafuata, hakufurahi.

Mama ananishangaa. Anasema si ndicho nilichokuwa nataka? Paka ametulia, anakula, anakoroma, mtoto anampenda, Shangazi anampenda. Mwache. Shangazi naye akaniambia nimwache. Akasema kuna viumbe vinavyojua penye raha, na kuna Oteng.

Nimwache! Paka mzima ashinde ndani kama shuka? Na jua lote hili? Hana raha huyo, amekata tamaa tu, mimi naona machoni. Nimezungukazunguka ua mchana kutwa nikifikiri, Lefika mgongoni, na nimeshapata. Kosa langu lilikuwa kumtoa paka. Paka hataki kuachana na kitanda. Basi kitoke kitanda!

Kesho Shangazi anakwenda kliniki. Nimepima kwa kamba: kitanda kinauzidi mlango kwa kiganja tu. Modiri anasema tukitoa fremu na matofali machache ya pembeni kitapita, na yeye ana likizo mpaka Jumanne. Nyundo tumeazima kwa Mama Tiro. Tumemwambia ni ya kutengenezea banda la kuku wake.